Mafuta Ndani ya Rejeta

Mume wangu Pacifique haamini kitu mpaka akiguse. Akienda kununua nyanya huziminya moja moja mpaka muuzaji pale kona ya jengo letu anamfukuza. Binti yetu Héritière alipokuwa mchanga akashikwa na homa, mimi nilikuwa nalia huku nikitafuta kwenye simu mtu wa kunishauri, na yeye alikuwa amemwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso, amefumba macho, anapima. Akasema homa inashuka, na kweli ilikuwa inashuka. Ana mikono inayojua, hilo nampa. Ubaya wake ni mmoja: akishagusa na kujua, akitokea mtu mwenye sauti kubwa kumwambia sivyo, anairudisha mikono mfukoni.

Kwao ni Uvira, Kongo. Alisomea ufundi wa umeme mpaka mwaka wa mwisho. Vita vikaja, cheti hakikuja. Hapa Johannesburg tulikutana Berea, ghorofa ya tano, kwenye chumba kilichogawanywa kwa mapazia manne. Yeye alikuwa anakaa nyuma ya pazia la dirishani. Mimi Marcelline, mtoto wa Bukavu, msusi wa nywele, mwenye mdomo mrefu kama anavyosema mama yangu, nilikuwa nyuma ya pazia la mlangoni. Anasema alinipenda siku niliyowafokea wenzetu waliokuwa wanakaanga samaki kabla hakujapambazuka. Yeye alikuwa amewavumilia na samaki wao miezi minane.

Kwa miaka kumi na mmoja alisimama kwenye lango la maegesho ya maduka fulani, akiinua kizuizi na kukishusha. Kiti kilikatazwa, eti mlinzi akikaa atasinzia. Huko akajifunza magari kwa masikio. Alikuwa akirudi nyumbani, anavua viatu, miguu imevimba, na habari zake za siku nzima ni magonjwa ya magari ya watu.

"Gari ya ule mama wa benki, mukanda yake inalia," aliniambia siku moja. "Haimalize wiki."

"Umemwambia?"

Akacheka. "Nani atasikiliza mulinzi?"

Wiki haikuisha, gari la mama wa benki likapita langoni limebebwa juu ya lori. Pacifique aliumia kana kwamba ni lake.

Kwa hiyo mwezi wa saba Sidney alipomwita, nyumba yetu ilipata pumzi mpya. Sidney ni Mkenya, ndiye anayewapanga walinzi wa kampuni yao, mtu wa haraka haraka lakini si mbaya. Alimwambia kuna nafasi ya msimamizi wa zamu kwenye ghala moja kubwa, ng'ambo ya uwanja wa ndege. Chumba chenye hita, skrini za kamera, na kiti. Pacifique alinieleza habari ya kiti kabla ya habari ya mshahara. Sharti lilikuwa moja tu: zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri, na saa hiyo hakuna teksi ya kwenda kule, kwa hiyo msimamizi lazima awe na gari lake. Tukajipigapiga, tukanunua. Dogo, jeupe, kuukuu kuliko Héritière, na Héritière ana miaka kumi na mitatu. Mkubwa wao akapanga: Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane Pacifique anamaliza langoni, Jumatatu anaanza ghalani. Nafasi yake ya langoni akapewa mtu mwingine.

Wiki ile ile ya mwisho gari likaanza kuchemka.

Lilianza Jumanne. Akitoka kazini hupitia Jeppestown, na kutoka huko kuja kwetu kuna mlima, na katikati ya mlima kuna robot, taa za kuongozea magari. Taa ikawa nyekundu, akasimama, na mshale wa joto nao ukapanda mpaka kwenye nyekundu yake. Mvuke ukatoka chini ya boneti. Alisubiri lipoe, akaongeza maji, akafika nyumbani usiku umeingia, ananuka moshi, ametabasamu ili nisiogope. Mimi niliogopa sana. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote wa saluni kwamba mume wangu anakuwa bosi.

Sasa nifike kwangu, maana humu ndani na mimi nimo.

Jumatano tuna maombi ya wanawake kwa mama Jocelyne, ghorofa ya pili. Nikalitaja gari. Jocelyne ni mwanamke mzito, hana haraka ya kusema, na akisema wote tunanyamaza.

"Muliipakaa mafuta ile gari, tangu muinunue?" akauliza.

"Bado, mama."

"Sasa muko natembeza kitu ya mutu mwengine. Munajua aliiuzisha na roho gani?"

Wanawake wakaguna. Kwetu hili si jambo la ajabu. Nyumba mpya hupakwa mafuta mlangoni, mtoto hupakwa kabla ya mtihani, hupakwa simu, pasi, hata mashine yangu ya kukaushia nywele ilipakwa. Ni mafuta ya zeituni. Yangu niliyanunua kwenye duka la Wasomali kule Mayfair, na mchungaji akayaombea yakawa mafuta ya upako. Ila kati ya mafuta hayo na mume wangu palikuwa na kesi ya zamani. Mwaka juzi niliipaka karatasi yake ya ukimbizi siku moja kabla hajaenda kuongeza muda. Nilipaka kwa imani nyingi. Ikawa kama karatasi ya kufungia mandazi, wino ukatambaa, na alihangaika wiki tatu kupata nyingine. Hakunifokea. Alisema tu, "Mama Héri, Mungu anaonaka hata bila mafuta." Afadhali angefoka.

Basi safari hii sikumwambia. Alhamisi alikwenda kazini kwa teksi ili gari lipumzike. Nikashuka na chupa yangu hadi uani nyuma ya jengo, ambako magari yanalala. Nikapaka matairi manne, nikapaka usukani. Kisha nikafungua boneti, nikakitafuta kile kifuniko cha rejeta nilichokuwa nimemwona akikifungua. Nikajiambia, ugonjwa uko tumboni, dawa nayo iende tumboni. Nikamimina nusu ya chupa, nikafunika, nikaomba kwa sauti mpaka mwenye jengo akachungulia dirishani. Nilipanda ngazi nikiwa na amani ambayo sijaipata tena tangu siku hiyo.

Ijumaa akaenda na gari kwenye zamu yake ya mwisho. Wakati wa kurudi likachemka tena, mlima uleule, robot ileile.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya tatu maji hayatoki kwenye jengo letu. Nilikuwa na vidumu vinne, vile vya lita tano vilivyokuwa vya mafuta ya kupikia, nilivyovijaza kwa foleni ndefu kwenye lori la maji. Pacifique akaniomba viwili. Nikampa huku nikimwambia kwamba katika nyumba hii gari linaoga na mwanamke ananuka. Akacheka, akashuka navyo. Nikamfuata na beseni langu la kuoshea wateja nywele, maana alisema atahitaji chombo.

Akajaza rejeta, akawasha injini ikiwa baridi, akasimama pembeni. Nilidhani atakodolea macho mshale. Yeye aliweka mkono mmoja juu ya injini na mwingine kwenye rejeta, akatulia hivyo, kama daktari. Mshale ukapita katikati, ukaendelea kupanda. Akazima haraka, akaniita.

"Gusa hapa, pole pole, isikuunguze. Sasa gusa na hapa."

Injini ilikuwa moto wa kuivisha yai. Rejeta ilikuwa baridi.

"Unaona?" Uso wake ulikuwa umefunguka. "Maji ya moto haifike mu rejeta. Iko kitu inafunga njia. Ni thamostati tu, mama. Kitu kidogo."

Akanieleza huku akitafuta spana. Thamostati ni kidude cha chuma chenye springi, kinakaa kwenye njia ya maji. Injini ikipata moto kinafunguka chenyewe, maji yanatoka kwenda kupoa kwenye rejeta. Kikikwama hakifunguki, na maji yanabaki ndani yanachemka. Kinauzwa kila duka la vipuri Jeppestown, na kukibadilisha ni kazi ya saa moja. Nilimwangalia akisema hivyo nikamwona kijana wa shule ya ufundi ambaye sikuwahi kukutana naye, nikampenda sana, na ninasema hivyo bila aibu.

Alisubiri injini ipoe, akaweka beseni chini, akafungua maji yote yatoke. Akakitoa kile kidude. Kisha akalitazama beseni, na mimi nikalitazama. Juu ya maji palikuwa na matone ya mafuta yanaelea, makubwa kwa madogo, ya rangi ya dhahabu.

Pacifique akachovya kidole, akasugua na gumba.

"Iko mafuta mu maji," akasema polepole.

Mimi nilijua papo hapo. Sitasema kwamba nilikuwa na shaka. Niliyatambua kama ninavyoitambua sufuria yangu. Lakini yeye alikuwa amegeuka rangi, kwa sababu kila mtu anayejua magari kidogo anajua kwamba mafuta kwenye maji ya rejeta ni habari ya msiba: maana yake gasketi imekufa, lile bati jembamba linalokaa kati ya kichwa cha injini na kiwiliwili chake, likitenganisha oili na maji na moto. Nikafungua mdomo. Nikaiona akilini ile karatasi ya ukimbizi. Nikafunga.

Akampigia simu Ishaka.

Ishaka ni Mha wa Kigoma, fundi mwenye karakana Jeppestown, miaka ishirini katika kazi. Alifika akiwa ameshaamua, kama wafikavyo mafundi. Akachovya kidole kwenye beseni, akakifuta kwenye ovaroli.

"Shemeji, pole," akaniambia mimi, si mume wangu. "Gasketi imekwenda. Oili imepenya kwenye maji."

Pacifique akachomoa kijiti cha kupimia oili, akamwonyesha. "Lakini angalia, oili ya injini iko safi. Haikuchanganyika na maji. Na rejeta ilikuwa baridi. Miye naona ni thamostati."

"Oili ina presha kubwa kuliko maji, ndugu yangu. Yenyewe inasukuma kwenda huko, maji hayawezi kuja huku. Na thamostati imekufa kwa sababu injini imechemka. Hayo ni matokeo." Akampiga begani. "Wewe umefungua injini ngapi?"

Pacifique akasema hajafungua hata moja.

"Basi. Naenda kuleta gasketi na spana kubwa. Jioni utakuwa unaendesha."

Akaondoka. Tukabaki wawili na beseni, na hapo nilipata karibu saa nzima. Watu wakisema walikosa nafasi ya kusema ukweli mimi huwa nawasikiliza tu, maana yangu nilipewa saa nzima, kweupe, jua linawaka, mume wangu peke yake mbele yangu.

Alipanda juu na kile kidude. Akaomba maji kidogo kutoka kwenye kidumu cha tatu, akayachemsha kwenye sufuria, akakifunga kile kidude kwa uzi na kukining'iniza ndani ya maji. Héritière, ambaye Kiswahili chetu anakisikia chote lakini hutujibu kwa Kiingereza, akainua macho kwenye simu yake akauliza kama hiyo ndiyo supu ya leo. Maji yalichemka mpaka yakaruka. Kidude kilibaki kimefumba. Pacifique akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Kikabaki kimefumba.

"Haifunguke," akaniambia. Alikuwa ananong'ona kama mtu aliye kanisani. "Mama Héri, haifunguke hata kidogo. Ni yeye. Sijue ile mafuta imetoka wapi, lakini ni yeye. Tununue mupya kwanza, tuweke, tujaribu. Ikikataa, njo Ishaka afungue injini."

Alikuwa ananiomba. Si ruhusa, alikuwa anaomba mtu mmoja tu duniani aseme, ndiyo, ninakuamini. Na mtu huyo alikuwa anajua yale mafuta yametoka wapi. Ningesema maneno matatu tu, jioni ile angekuwa anaendesha. Lakini nikisema, Ishaka atauliza kwa nini ameitwa bure, na Jeppestown nzima itacheka mwanamke aliyelinywesha gari mafuta ya upako. Na Pacifique angenitazama tena kwa ule upole wake, mara ya pili. Hofu yangu ikageuka hasira, kama kawaida yangu, na hasira ikatafuta wa kumwangukia.

"Ishaka ni fundi," nikamwambia. "Wewe ni mlinzi."

Alizima jiko. Yale maji aliyamimina kwenye sufuria nyingine yasipotee, akaniambia yanaweza kuoshea vyombo, akashuka chini.

Ishaka alirudi na gasketi mpya ndani ya nailoni, na mfuko wa vyuma. Walifanya kazi vizuri mwanzoni. Pacifique alikuwa anapanga kila kilichofunguliwa juu ya gazeti, kwa mpangilio wake, na kuandika namba kwa chaki. Kichwa cha injini kinashikwa na bolti kumi ndefu. Sita zilitoka. Ya saba ilikuwa imeshikana kwa kutu. Ishaka akachomeka bomba refu kwenye spana ili apate nguvu. Pacifique akamwambia asubiri, amwagie dawa ya kutu, waiache ipenye. Ishaka akasema jua linakwenda. Akaning'inia kwenye bomba.

Ulisikika mlio mkavu, mdogo. Bolti ilikatikia ndani.

Ya tisa nayo ikakatika. Ishaka sasa alikuwa anatukana kwa Kiha, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za uani, mikono imebana magoti. Kichwa kilikuwa kimegoma kuinuka, kwa hiyo akaingiza nondo kwenye mwanya, akakandamiza kwa uzito wake wote. Kikainuka kimepasuka pembeni, ufa wa urefu wa kidole, mtu yeyote angeuona.

Kisha Ishaka akaibandua ile gasketi ya zamani, akaiinua juani, akaigeuza. Aliigeuza mara nyingi. Haikuwa imeungua popote. Ilikuwa nzima.

Akainama, akapitisha kidole kwenye njia za maji ndani ya injini, akakileta puani. Akanusa tena.

"Hii si oili ya gari," akasema. "Hii ni ya chakula. Nani kaweka mafuta ya chakula kwenye rejeta?"

Pacifique alinitazama. Si kwa muda mrefu, kama mtu anavyotazama saa. Sijui aliona nini, lakini najua sura yangu ilikuwaje, maana niliisikia inaungua. Vidumu viwili vilikuwa pale pembeni ya tairi, na karatasi zake za alizeti bado zimebandikwa.

"Ni miye," Pacifique akasema. "Nilijaza na ile bidon ya mafuta. Sikuisafisha muzuri."

Ishaka alimsema. Sitaki kurudia yote. Alimwuliza ana umri gani. Alimwuliza kama kwao watu wanazaliwa hivyo au wanajifunza. Alisema amemvunjia jina lake la ufundi, amempotezea siku, na kwamba mtu asiyeweza kuosha kidumu asiguse gari. Mume wangu alisimama amemwinamishia kichwa, mikono mfukoni, akisema, "Ni kweli, ndugu. Unisamehe." Na mimi mwenye mdomo, mimi niliyewahi kufokea chumba kizima kwa ajili ya samaki, nilikaa kwenye ngazi nikasikiliza mpaka mwisho.

Kabla ya kuondoka Ishaka alipoa kidogo. Alituambia injini hiyo haitengenezeki tena kwa akili za kawaida. Kutafuta nyingine na kuifunga ni zaidi ya bei ya gari lenyewe. Akatuachia gasketi mpya, haikuwa na kazi tena kwake. Pacifique alikusanya vile vyuma vya kwenye gazeti, kimoja kimoja, akaviweka ndani ya buti.

Jioni ile tulikula. Nilingoja aanze. Nilijiandaa, nilikuwa na maneno mpaka kooni: angesema "kwa nini" tu, ningemwaga yote. Alimuuliza Héritière habari za shule, akaenda kulala.

Jumapili hatukwenda kanisani. Saa tisa alasiri simu yake ikalia, alikuwa ameiweka mezani, akaifungua sauti kubwa kwa sababu spika ya sikioni imekufa.

"Pacifique, sema," ilikuwa sauti ya Sidney. "Nataka tu ku-confirm. Kesho saa kumi na moja. Gari iko sawa?"

Mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye. Wazo lilinijia lote kwa mara moja: aseme iko. Kwa wiki ya kwanza tutakodi dereva, tutaomba kwa watu wa kanisa, Jocelyne ana shemeji mwenye gari, tutapata njia tukishaingia. Nikamfanyia kwa midomo, bila sauti: sema iko. Nikamshika mkono. Sema iko.

"Hapana," Pacifique akasema. "Imekufa jana."

"Imekufa aje? Si utengeneze?"

"Haitengenezeke. Injini imepasuka."

"Aki pole. Lakini hiyo sasa ni ngumu, boss. Client alisema wazi, bila gari hapana. Kuna jamaa mwingine nilikuwa nimeweka kando, itabidi nimpigie."

"Na nafasi yangu ya pale langoni?"

"Hiyo nilipeana. Ulisaini, si unakumbuka? Kukitokea kitu nitakupigia."

"Sawa. Asante, boss."

Aliiweka simu mezani kwa uangalifu. Nikamuuliza kwa ukali, kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kuuliza, kwa nini hakudanganya, kitu kidogo hivyo, neno moja. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kitu ambacho hajawahi kukifikiria.

"Miye sijuake kudanganya," akasema.

Nikainuka nikaenda kusimama bafuni, mbele ya bomba lisilotoa maji. Jana yake alikuwa amedanganya mbele yangu bila kukwama hata kidogo, kwa sauti tulivu, akamaliza akaomba na msamaha. Kwa ajili yake mwenyewe ndipo hakuweza.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Sidney hajapiga. Mwenye jengo alitaka uwanja wake, kwa hiyo gari liliondoka kwa kilo, kama chuma chakavu, wanaume wawili wakalipandisha kwenye lori. Pacifique anapata vibarua viwili vitatu kwa wiki, kubeba mizigo ya Wahabeshi huko mjini. Siku nyingine anakaa nyumbani. Anapika, anafua, hanung'uniki, na ninapopita karibu naye ananipisha njia kwa heshima kama mpangaji mwenzake. Saluni yangu ndiyo inatulisha. Haguswi tena na habari za magari. Likipita moja chini linalia mkanda, mimi nalisikia siku hizi, yeye kama halisikii.

Jumapili iliyopita nilikuwa namfumua Héritière nywele karibu na dirisha. Mtoto alipoinuka kwenda kuchukua kitana, Pacifique akavuta stuli akakaa mbele yangu. Hakuwa na hasira. Nilimwangalia vizuri, nikitafuta hasira, sikuiona mahali.

"Mama Héri," akasema, "hakuna kitu unataka kuniambia?"

Aliuliza kwa sauti ileile aliyoniomba nayo siku ya sufuria. Nilielewa kabisa anauliza nini. Nilielewa kwamba anajua, na kwamba hahitaji kujua, anahitaji nimwambie. Pengine hata angecheka. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na muda, na mlango wa chumbani ulikuwa umefungwa. Nikatazama mikono yangu iliyojaa mafuta ya nywele.

"Hakuna," nikamwambia.

Akasema sawa, akakirudisha kile kistuli mahali pake.